Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Wetu na Kirin Kiki

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya filamu, wazee wetu, na wageni mliofika kwa mara ya kwanza,

Karibuni sana. Mwaka jana, humu humu ukumbini, tulikubaliana baada ya ubishi mrefu kwamba tuache kurukaruka filamu hadi filamu. Tushike mwigizaji mmoja, tumfuate tangu ujana hadi mwisho. Kura zikamwangukia Kirin Kiki wa Japani. Wapo waliolalamika kwamba mwaka mzima kwa bibi mmoja ni mwingi. Mimi nasimama mbele yenu kusema haukutosha.

Wengi wetu tulimjua uzeeni tu. Alizaliwa Tokyo mwaka 1943, akajiunga na kikundi cha maigizo cha Bungakuza mwaka 1961, na jina lake la kazi lilikuwa Chiho Yuki. Jina hilo aliliuza. Mwaka 1977, kwenye mnada wa kipindi cha televisheni, alisema hana kitu kingine cha kunadi, basi linadiwe jina. Jipya alilojipa limeandikwa kwa herufi zenye maana ya miti, adimu na msitu.

Usiku ulionigusa zaidi ni ule wa tamthilia ya televisheni, Terauchi Kantarō Ikka, iliyoandikwa na Kuniko Mukōda na kurushwa na kituo cha TBS mwaka 1974. Ni visa vya nyumba ya fundi wa mawe ya makaburi jijini Tokyo. Kiki ndiye bibi wa nyumba, na alikuwa na miaka 31. Asei Kobayashi, aliyeigiza mwanawe, alimzidi kwa takriban miaka kumi! Nywele ziligeuzwa nyeupe, mgongo ukapindwa, lakini mikono ya kijana haifichiki kirahisi, kwa hiyo akavaa glovu zilizokatwa vidole. Mmekumbuka bibi yule anavyojinyonganyonga mbele ya picha ya mwimbaji Kenji Sawada, akiita jina lake la utani, “Juriii!”, kwa sauti ya kukatika? Wanangu walinisimulia kwamba niliiga sauti hiyo nyumbani wiki nzima.

Tulichoonyesha hakikuwa na tafsiri yoyote. Mwanachama wetu aliyesoma Japani alisimama kando ya pazia akatufasiria sentensi kwa sentensi, kama wanavyofanya wafasiri wa mabanda ya video, saa mbili bila kunywa maji. Naomba tumpigie makofi.

Tangu usiku ule nilianza kuitazama mikono yake katika kila kazi. Still Walking, filamu ya mwongozaji Hirokazu Kore-eda ya mwaka 2008, inaanza na mikono ya jikoni ikimenya figili na karoti huku mama na binti wakipiga soga. Katikati ya filamu projekta ya kukodi ilizima, tukamalizia kwenye kompyuta ya katibu, tumebanana kama watoto kwenye dirisha la jirani. Namshukuru Mungu kwa hitilafu ile, kwa sababu tuliiona karibu sana sindano ya kufumia. Mama anafuma kitambaa cheupe, anaongea taratibu. Mwanawe mkubwa alikufa akimwokoa mtoto asizame, na mtoto huyo, sasa mtu mzima, hualikwa kila mwaka kwenye kumbukumbu ya kifo. Mama anamweleza mwanawe wa pili kwa nini hataki kumwachilia: anataka naye aumie, walau mara moja kwa mwaka. Sindano haisimami. Hadondoshi chozi, hapandishi sauti. Sijawahi kuona chuki ikikaa hivyo ndani ya mwanamke mkarimu anayekupakulia chakula kizuri.

Kisha An, filamu ya mwongozaji Naomi Kawase ya mwaka 2015. Bibi Tokue anaomba kazi kwenye kibanda cha dorayaki, ambazo ni kama vibibi viwili vilivyofungia rojo tamu la maharage madogo mekundu. Anaamka kabla ya jua, anayaosha maharage, anainamia sufuria, anayasikiliza. Mama mmoja wa hapa alisema marehemu mama yake alichambua mbaazi vivyo hivyo, akizisemesha. Vidole vya Tokue vimepinda kwa ukoma, habari zinaenea, wateja wanakatika. Japani ilifuta sheria ya kuwatenga wagonjwa mwaka 1996 tu, miongo mingi baada ya tiba kupatikana. Mjadala ulipita saa tatu usiku, na tuliazimia kwamba katika matangazo yetu tuandike “mtu mwenye ukoma”, tusimwite mtu kwa jina la ugonjwa wake. Azimio hilo naliona kubwa kuliko yote ya mwaka.

Mweka hazina atasoma hesabu mwenyewe, ziko sawa. Samahani kwa filamu ya Waga Haha no Ki, ambayo diski yake ilichelewa. Kwa filamu hiyo alitunukiwa tuzo ya Akademia ya Japani mwaka 2013, na akiwa jukwaani akatangaza kwamba saratani imeenea mwilini mwake. Aliendelea kufanya kazi miaka mitano zaidi.

Tulifunga mwaka na Shoplifters, iliyopata Palme d’Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Mei 2018. Alitoa meno yake ya bandia ili bibi Hatsue, aliyemwigiza, achakae zaidi. Ufukweni, akiwatazama wengine wakirukia mawimbi, midomo yake inasema ahsante bila sauti. Maneno hayo hayakuwamo kwenye mwongozo. Alifariki Septemba 15 mwaka uleule, akiwa na miaka 75.

Hoja yangu ni hii: tusimwache bado. Televisheni yake tumeionja tu, na Jikan Desu Yo ya mwaka 1970, ile ya nyumba ya kuogea, hatujaigusa. Naomba mchango wa ziada wa kununulia diski halali, maana nakala za mtaani zimetuharibia macho. Wanaounga mkono wanyooshe mikono kabla chai haijapoa.