Somo, dume mweupe usimpandishe

Wete, Pemba
Novemba

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kuwa mama ameshapata nafuu. Huku sote wazima. Karafuu zimetuweka mbioni, na ndiyo maana jibu limechelewa.

Naanza na lile lililonishtua. Sungura dume mweupe wa jirani yako, yule mwenye macho mekundu, usimpandishe kwa koo zako za Himalaya, yale majike yako ya kuzalisha. Najua ulichokipenda kwake. Umesema ana mgongo mzuri, mapaja yamejaa na hana maradhi. Hayo yote nayakubali. Lakini weye hutafuti nyama, unatafuta ncha nyeusi: pua, masikio, miguu na mkia. Kwa hilo dume yule atakurudisha nyuma miaka.

Weupe wake na rangi ya Himalaya hukaa mahali pamoja kwenye jeni, na Himalaya ndiyo inayoushinda weupe. Kwa hiyo watoto wa mwanzo watatoka wote na ncha, nawe utaona mambo yamekwenda sawa. Kumbe kila mmoja wao amebeba weupe uliojificha. Wafugaji wengi wa mbegu hii wanasema mtoto wa namna hiyo ncha zake hutoka hafifu, na ukipandisha wenyewe kwa wenyewe, kama robo ya vizazi vyao vitatoka vyeupe vitupu. Na kuna la kuogopesha zaidi. Sungura mweupe wa macho mekundu ni sanduku lililofungwa. Chini ya weupe ule anaweza kuwa na weusi safi, au ubuluu, au rangi ya chokoleti, au ile rangi ya sungura wa mwituni, na kwa macho huwezi kujua. Unaweza kuingiza rangi ya mwituni bandani mwako bila habari, kisha ukakaa unajiuliza kwa nini ncha hazikolei.

Sasa nije kwenye yule koo wako wa pua iliyofifia, ambaye unataka kumuuza. Usimuuze bado. Nina hakika nusu ya kosa si lake, ni la joto.

Rangi ya Himalaya inatengenezwa na kimeng'enya, yaani protini ya mwilini, kinachofanya kazi penye ubaridi tu. Joto la mwili wa sungura ni kama nyuzi 39, na hapo kimeng'enya hakifanyi kitu, ndiyo maana mwili unabaki mweupe. Puani, masikioni na miguuni damu inapoa kidogo, na huko ndiko weusi unakojitokeza. Wataalamu walishathibitisha: walimnyoa sungura wa Himalaya mgongoni, wakamfunga kitu cha baridi pale, na manyoya yaliyoota yakawa meusi. Basi fikiria kaskazi yetu ya Februari na Machi, jua linapiga, nyuzijoto zinavuka 30, na banda limeezekwa bati. Hata masikio hayapati pa kupoa. Sungura mwenye damu nzuri kabisa atafifia hapo.

Na unywele ukishaota na rangi yake, haubadiliki mpaka upukutike na kuota mwingine. Koo wako kama alibadili manyoya mwezi wa Februari, ile pua ya Februari ndiyo aliyotembea nayo miezi yote iliyofuata, hata kipupwe kilipoingia. Wewe ukamtazama Julai, kuna baridi, ukasema huyu damu yake mbovu. Hapana, somo. Ulikuwa unalitazama joto la miezi iliyopita.

Kama unataka kumjua kwa haki, ngoja Juni. Mnyoe kipande kidogo kwenye sikio, mweke mahali penye upepo, halafu angalia kinachoota. Kikija cheusi kuliko manyoya ya pembeni yake, damu ipo. Kikija kilekile cha majivu, hapo muuze na mimi sitakuzuia.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize sana, maana naona vitabu ulivyopewa vimeandikwa na watu wa Uingereza na Marekani. Vitabu vizuri, na viwango vyao nami navifuata: doa la pua liwe na umbo la yai, masikio yawe meusi mpaka shinani, miguu ivae viatu virefu, kucha ziwe za giza, mwili uwe mweupe usio na uchafu. Lakini tatizo lao si tatizo letu. Wao wana baridi, na baridi inawapaka sungura wao masizi mgongoni na kiunoni. Kwa hiyo wao humkataa sungura mwenye masizi, na humpenda yule ambaye weusi wake umekaa kwa adabu mahali pake. Sisi tukimchukua huyo wa adabu tukamleta huko kwako Makunduchi, atafifia akawa kama amepakwa chai. Anayetufaa sisi ni yule ambaye wao wangemtoa: mwenye weusi mwingi kupita kiasi, viatu vimepanda juu, na hata kivuli kidogo cha masizi karibu na mkia. Joto letu litamsafisha mwili lenyewe, na kitakachobaki kwenye ncha kitakuwa kinatosha. Kwa hiyo ukichagua watoto wa kubaki nao, usichague kwa weupe wa mwili. Weupe wa mwili kwetu ni wa bure. Chagua kwa weusi, na uwalinganishe waliozaliwa pamoja na kukulia banda moja. Mtoto wa Januari ukimpima na wa Juni, umepima misimu, hukupima sungura.

Wala usiwahukumu wakiwa wadogo. Huzaliwa bila rangi, ncha zinaanza kuonekana baadaye kidogo kidogo, na zinaendelea kukolea kwa miezi. Kabla ya miezi mitano hivi mimi sisemi neno juu ya mtoto yeyote.

Banda nalo litazame upya. Ondoa bati, ezeka makuti, au kama huwezi basi tandika makuti juu ya bati. Vizimba visiegemee ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Mchana wa kaskazi wawekee chupa ya maji yaliyoganda, utawaona wanailalia wenyewe. Sungura hustawi kwenye nyuzijoto 15 hadi 20 hivi, na sisi hatuna mwezi hata mmoja wa namna hiyo, kwa hiyo kila kivuli ni mali. Wewe umejaliwa upepo wa kusi huko Makunduchi, unapiga moja kwa moja kutoka baharini. Mimi hapa Wete nautamani.

Umeniuliza kuhusu Nanenane. Kama kweli unataka kupeleka watatu kwenye maonyesho ya Dole mwezi wa Agosti wakiwa katika hali yao nzuri, hesabu kwa kurudi nyuma. Unataka manyoya yao ya utu uzima yaote Juni na Julai, kwenye kipupwe. Manyoya hayo huingia wakiwa na miezi minne mpaka sita, basi wanatakiwa wazaliwe mwanzoni mwa Februari. Mimba ni siku 31, kwa hiyo unapandisha mwanzoni mwa Januari. Na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu Januari ni joto, na joto linaua mbegu za dume. Dume aliyeungua na joto anaweza kupanda kama kawaida na koo asishike, na itamchukua wiki 6 hadi 8 kurudi sawa. Kwa hiyo ubaridi wa dume unaanza sasa hivi, Novemba hii, si Januari. Mpe yeye kizimba chenye upepo kuliko vyote, hata kama koo watanung'unika.

Sasa badala ya dume mweupe, nakupa shauri langu, na zaidi ya shauri. Ninaye jike mweusi mtupu, ambaye mama yake alikuwa Himalaya. Ukipuliza manyoya yake, weusi unashuka mpaka karibu na ngozi. Kwa kuwa mama yake ni Himalaya, kama mwenyewe hakubeba weupe, kaibeba ile rangi kwa hakika. Ukimpandisha na dume wako, karibu nusu ya watoto watatoka na ncha na nusu weusi, na wale wa ncha watakuwa wameongezewa nguvu ya weusi kutoka kwa damu isiyoficha rangi ya mwituni. Umbo lake ni dogo, hatakuharibia ukubwa. Ndiyo maana simtaki yule sungura wa aina ya Kalifonia unayemzungumzia. Ni kweli ncha anazo, na watoto wote wangetoka na ncha, lakini yule huvuka kilo nne, na wetu hawafiki hata mbili. Ukishaingiza ukubwa ule, utakaa vizazi vingi unaupunguza, na umbo refu na jembamba la Himalaya litapotea njiani.

Wale weusi watakaozaliwa usiwachinje wote. Mbakishe jike mmoja aliye mweusi kuliko wenzake, atakufaa tena baadaye.

Naandika kila mzao kwenye daftari: wazazi, tarehe, banda, na mwezi waliobadili manyoya. Hilo la mwezi ongeza na lako, wengi hawaliandiki.

Jike yuko tayari. Sitaki asafiri mchana, basi nitafutie mtu wa kuaminika atakayempokea Unguja alfajiri meli ikifika. Lakini nijibu kabla ya mwezi kwisha, maana kuna mtu Chake Chake anamtaka na nimemwambia nakusubiri wewe kwanza.

Nisalimie mama na watoto wote.

Somo yako