Miche sikutumii

Rehema mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimecheka pale uliposema unataka uwanja wa mimea ya asili "kama wako hasa". Umeomba miche na orodha ya mimea yangu. Miche sikutumii, na usininunie. Mmea wa asili ni wa mahali. Kwangu ni mwenyeji, kwako huenda ukawa mgeni, na kuna wageni ambao wakishaingia hawatoki. Lantana ilitolewa bara la Amerika ikapambe bustani za watu kwa vile vishada vyake vya rangi rangi. Leo imefunika malisho na misitu Afrika, Asia na Australia. Aliyeipanda wa kwanza naye aliona ua tu.

Kwa hiyo anza kwa kukaa. Msimu mzima, usichimbe. Tazama maji ya mvua yanatuama wapi, jua la mchana linapiga wapi, nini kinajiotea chenyewe kando ya uzio. Kisha tembelea kichaka cha karibu ambacho hakijaguswa, uone kinachostawi kwenye udongo kama wako. Using'oe kitu huko. Nenda kwenye kitalu, waulize mbegu zao walizitoa wapi. Wakibabaika, aga uondoke.

Mimi sikusubiri. Nilichimba mashimo nikayashindilia samadi kama ninayepanda mboga. Mimea iliyozoea udongo maskini ikalewa shibe, ikarefuka kwa mashina teketeke, na upepo wa kwanza ukailaza yote. Nilikaa kibarazani nikimlaumu aliyeniuzia. Siku hizi mbolea siweki. Natandaza majani makavu, unene wa vidole vinne hivi, nikiacha nafasi kuzunguka shina lisioze. Maji namwagia mwaka wa kwanza, pengine na wa pili. Si kunyunyizia kila jioni, bali kwa nafasi na kwa wingi, yazame na mizizi iyafuate. Wanaokwambia mmea wa asili hauhitaji maji kabisa wanakudanganya. Mche ni mche.

Sasa viwavi, na najua utapiga kelele. Kichaka kilicho mbele ya dirisha langu kililiwa wiki moja tu, majani yakabaki mishipa mitupu kama wavu. Nilishashika dawa mkononi. Akatua ndege mdogo, akanyakua kiwavi, akakipigapiga kwenye tawi, akaruka. Kabla sijamaliza kukunja shuka moja, amerudi. Dawa nikairudisha. Ndege wengi, hata wapenda mbegu, makinda yao huwalisha wadudu. Na viwavi wengi wa vipepeo hawali jani lolote tu. Kila aina ina mmea wake, au michache, iliyozoeana nayo tangu zamani. Ua la kigeni laweza kumnywesha kipepeo, lakini mayai yake akayatage wapi? Kile kichaka, kwa taarifa yako, kilichipua upya.

Acha pia kipande cha udongo mtupu penye jua. Karibu aina 70 katika kila 100 za nyuki hutaga ardhini. Hawa wengi wao huishi kila mmoja peke yake, hawana mzinga wa kupigania, na wala hawanikimbizi.

Majirani watasema umeachia pori. Mmoja aliniuliza kwa upole kama naumwa! Nikafyeka ukanda wa hatua moja kando ya njia, nikapanga mawe mpakani, nikahamisha mimea ikae mafungu mafungu badala ya kuchanganyikana. Ni ile ile, lakini maswali yamekoma.

Ukoka usiung'oe wote kwa mpigo, utashindwa na magugu. Chagua kona moja. Ila kwanza nichoree huo uwanja, hata kwa penseli, uniwekee alama maji yanapotuama. Ukikuta hayatuami popote niambie vilevile, maana hapo tutakuwa na mazungumzo mengine.

Wako,
Saumu