Malalamiko kuhusu kamera ya kasi ambayo shata yake haizibi mwanga

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KAMERA YENYE SHATA YA SELI YA POCKELS

Katika oda yetu tulieleza bayana kwamba kamera hii itapiga picha za cheche za kapasita, ambazo huwaka kwa takriban maikrosekunde 50, na kwamba tunataka kuona hatua moja tu ya cheche, ya nanosekunde 10. Mlitujibu kwa maandishi kuwa inafaa. Tunachopata ni picha nyeupe yenye kivuli hafifu cha elektrodi.

Hatulalamikii kasi. Shata hii ni fuwele iliyo kati ya polaraiza mbili, yaani vichujio ambavyo kila kimoja hupitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu; volti inapofika kwenye fuwele, upande huo hugeuzwa na shata hufunguka na kufunga kwa muda mlioahidi. Tatizo ni mwanga unaopenya shata ikiwa imefungwa. Kwa vipimo vyenu wenyewe, shata iliyofungwa hupitisha sehemu 1 kati ya 1,000 ya mwanga inaoupitisha ikiwa wazi. Sehemu hiyo ni ndogo kuitazama, lakini ikipenya kwa maikrosekunde zote 50, huku cheche ikiwaka kwa ukali uleule, hukusanya mwanga sawa na wa nanosekunde 50, yaani mara tano ya mwanga wa picha yenyewe. Hesabu hii ilistahili kufanywa na wahandisi wenu kabla ya ankara kuandikwa.

Nyuma ya lenzi hali ni mbaya zaidi. Cheti cha kamera kinaonyesha kuwa uwiano huo ulipimwa kwa mwale mwembamba wa leza uliopita sambamba na mhimili wa fuwele, ilhali miale ya lenzi huingia kwa pembe mbalimbali, na fuwele ya KD*P, ambayo ndiyo iliyo ndani ya seli hii, hugeuza upolarishaji (upande wa kutetema) wa miale iliyoinama hata pasipo volti. Ndiyo maana, shata ikiwa imefungwa, tunaona msalaba mweusi ambao kati ya mikono yake mwanga unapita. Tena fuwele hutetemeka baada ya volti kukatwa, na mtetemo huo huiachia shata ipitishe mwanga wakati cheche bado inawaka.

Wakala wenu alitutajia picha za milipuko ya nyuklia zilizopigwa kwa kamera za Harold Edgerton, mhandisi wa Marekani aliyebobea katika picha za kasi. Kamera hizo zilitumia seli ya Faraday, inayoendeshwa kwa uga wa sumaku, nasi hatukuuziwa kifaa cha namna hiyo.

Kupotea kwa nusu ya mwanga kwenye polaraiza ya kwanza tunakukubali, kwa kuwa ndiyo asili ya shata hizi. Tusichokubali ni kamera isiyoweza kazi iliyoandikwa kwenye oda. Kwa hiyo tunaomba mfunge seli ya pili nyuma ya ya kwanza, pamoja na lenzi za kunyoosha miale, kwa gharama zenu, kisha mpime uzibaji kwa mwanga mweupe lenzi ikiwa wazi kabisa. Ama mturejeshee fedha zote, pamoja na gharama za usafirishaji. Tunatarajia majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii.

Wenu katika kazi,
Mkuu wa Maabara ya Volti ya Juu