Mkija kuchota maji Bogoria, pitieni na darasani

Kwa Mhariri,

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu Ziwa Bogoria. Karibu na chemchemi za Loburu tuliwakuta watu watatu wakichota maji kwa vichupa vidogo na kuandika nambari juu ya kila kifuniko. Msichana mmoja wa darasa langu alisogea, akauliza kwa adabu wanatafuta nini. Akaambiwa arudi nyuma, pana joto. Ni kweli, maji pale yanatokota na mvuke wake unaunguza. Lakini hata kazi ilipokwisha walifunga sanduku lao, wakaingia garini, wakaenda zao. Sikujua wametoka taasisi gani, na siandiki kuwashtaki. Naandika kwa kuwa swali la yule mtoto lina jibu la kusisimua, linalogusa chanzo cha uhai, na dakika kumi zingetosha kulieleza.

Uhai hauwezi kuwapo bila fosforasi. Imo katika uti wa DNA, molekuli inayobeba urithi, na ndiyo inayobeba nguvu ndani ya kila seli. Taabu ni kwamba katika maji ya kawaida fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, hukamatwa na kalsiamu, ikawa jiwe na kutuama chini. Sasa hapo mwanzo, kabla ya kiumbe chochote, ilipatikana wapi ya kutosha? Swali hili limewaumiza wanakemia vichwa kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, Jonathan Toner na David Catling, walionyesha kwamba kwenye maziwa ya magadi mambo hugeuka. Kaboneti ndiyo inayowahi kuikamata kalsiamu, na fosfeti hubaki huru majini, hadi mara 50,000 ya ile iliyomo baharini. Miongoni mwa maziwa waliyoyatolea mfano ni Ziwa Magadi, kule Kajiado.

Mambo hayakuishia hapa duniani. Mwaka 2023 wanasayansi waliochambua takwimu za chombo cha anga Cassini walitangaza kwamba wameona fosfeti kwenye chembe za barafu zilizorushwa na Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali wenye bahari iliyofichika chini ya barafu. Mwaka huohuo, Septemba, kasha lililodondoshwa na chombo cha anga OSIRIS-REx lilitua jangwani Utah likiwa na vumbi la asteroidi Bennu, jiwe linalolizunguka jua, gramu 121.6, yaani haifiki hata nusu ya robo kilo. Januari 2025 wanasayansi wakaeleza walichokikuta humo: asidi amino 14 kati ya zile 20 zinazojenga protini za viumbe, na madini yaliyobaki baada ya maji ya chumvi kukauka, trona ikiwamo.

Trona ni magadi, Mhariri. Ni lile jiwe ambalo mama yangu, kule Vihiga, alikuwa akilimega na kutia kipande kwenye chungu cha mrenda ili ulainike.

Kwa hiyo tuliporudi Nakuru nilinunua magadi ya shilingi kumi sokoni, nikayasaga na kuyakoroga kwenye glasi ya maji. Wanafunzi wakachovya karatasi ya kupimia pH. Ikageuka buluu iliyokolea, sawa na ile tuliyokuwa tumeichovya ziwani. Tukakamulia ndimu, povu likapanda hadi mdomo wa glasi. Nikawaambia kwamba kitu hiki hiki kimepatikana juu ya jiwe linaloelea angani. Darasa zima lilinyamaza. Kwa miaka yote niliyofundisha kemia sijawahi kupata kimya kama kile.

Sisemi kwamba uhai ulianzia Bogoria. Maziwa yetu ni machanga mno kwa hilo, na tayari yamejaa viumbe, kuanzia utando wa bakteria wa kijani na rangi ya machungwa kandokando ya chemchemi hadi mwani ule unaowalisha heroe. Tena wapo wanasayansi wanaoshikilia kwamba chanzo ni kwenye chemchemi za moto chini ya bahari. Mabishano hayo yenyewe ndiyo ningependa wanafunzi wangu wayasikie kutoka kwa wenyewe, wajue kwamba bado kuna kazi ambayo haijakamilika.

Watafiti wa chanzo cha uhai wamezoea kukutana. Mkutano wao wa kwanza wa kimataifa ulifanyika Moscow mwaka 1957, ukiitishwa na mwanabiokemia wa Kisovieti Alexander Oparin, na hadi leo wana chama chao na makongamano yao. Wanaastronomia wa dunia walileta mkutano wao mkuu Cape Town mwaka 2024, mara ya kwanza kukanyaga Afrika. Basi kwa nini hawa wa chanzo cha uhai wasije Nakuru? Ziwa Nakuru liko mlangoni, Elmenteita ni mwendo mfupi, Bogoria unaenda na kurudi siku hiyohiyo. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro. Kaunti na Shirika la Anga za Juu la Kenya wangeweza kuandika mwaliko huo hata mwezi huu. Wasikawie, maana maji ya Bogoria yamepanda na baadhi ya chemchemi nilizozoea kuzitembelea zimefunikwa.

Lakini kabla ya kongamano naomba jambo jepesi zaidi. Wanaotoa vibali vya kuchukua sampuli waweke sharti moja: kila kikundi kikimaliza kazi kiingie shule moja ya jirani na kueleza, kwa Kiswahili, kimechukua nini na kitakipeleka wapi. Vimeng'enya (enzaimu) kutoka vijiumbe vya maziwa haya vimekwisha kufika viwandani ng'ambo, na wanaoishi kando ya maji walikuwa wa mwisho kujua.

Klabu yetu ya sayansi hukutana kila Jumatano baada ya masomo. Maswali yameandikwa kwenye daftari, sasa yamefika kumi na saba. La kwanza ni la yule msichana: ikiwa magadi yako hadi angani, ni nini kilichokuwapo hapa ambacho kule hakikuwapo?

Mwalimu wa kemia,
Nakuru