Chanjo ya miguu na midomo: ubora kabla ya wingi

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo ilitilia mkazo idadi ya dozi. Dozi nyingi hazisaidii kitu iwapo kirusi kilichotengenezewa chanjo si kile kinachozunguka malishoni. Kirusi hiki kina aina saba: O, A, C, Asia 1, SAT 1, SAT 2 na SAT 3. Ng'ombe aliyechanjwa dhidi ya O pekee hana kinga dhidi ya SAT 2, na hata ndani ya aina moja koo za kirusi hutofautiana.

Lipo na la pili, ambalo halisemwi sana. Kinachoamsha kinga ni chembe nzima ya kirusi kilichouawa. Joto au tindikali ikiivunja, vipande vyake huamsha kinga hafifu mno, na chembe za O na SAT 2 ni miongoni mwa zinazovunjika upesi. Ndiyo sababu chupa hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 bila kugandishwa. (Kwa macho, chupa iliyoharibika na nzima huweza kufanana kabisa.)

Nashauri mnunuzi yeyote adai, kabla ya kulipa, matokeo ya maabara yanayolinganisha chanjo na virusi vya mlipuko wa karibuni, pamoja na kipimo cha chembe nzima. Sampuli za mifugo wagonjwa kwa ajili ya ulinganisho huo nazo zichukuliwe ipasavyo: angalau gramu 1 ya ngozi ya lengelenge bichi, ndani ya kimiminika chenye pH (kipimo cha tindikali) 7.2 hadi 7.6. Chini ya 6.5 kirusi hufa njiani.

Daktari wa mifugo