Maktaba imechangamka, ila jioni je?

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Mwaka huu maktaba ninayokwenda hapa Tanga mjini imechangamka kweli, Jumamosi watoto wa Makorora na Ngamiani wanajazana mkekani, mmoja anasoma hadithi kwa sauti akikosea tu wenzie wanamrukia, wazee nao wanafundishwa intaneti, bibi mmoja nilimuona kafungua mwenyewe matokeo ya fomu foo ya mjukuu wake kwenye tovuti ya NECTA, akapiga kigelegele humohumo ndani na hakuna aliyemwambia shii! Sasa jamani vipindi vya vijana kuwekwa saa nane mchana katikati ya wiki ni vya nani? Bodaboda yuko kijiweni, muuza samaki yuko sokoni Deep Sea. Wekeni hata saa kumi na mbili jioni, tutakuja.

Msomaji wenu, Chumbageni, Tanga