Wasipandishwe basi kabla hatujajua watalima wapi

Mhariri, naomba nafasi kidogo niwaongelee ndugu zetu wakimbizi Warundi wa kambi za Nyarugusu na Nduta hapa Kigoma wanaorudi kwao. Kurudi nyumbani ni jema sikatai, ila jamani tukumbuke yaliyowapata wale waliokimbia mauaji ya 1972, walikaa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu hapa Tanzania miaka zaidi ya thelathini, waliorudi Burundi kuanzia 2008 wengi wakakuta shamba la baba lina mtu mwingine, kashajenga, kapanda migomba, na karatasi ya serikali anayo, sasa hapo unamtoa nani? Tume ya ardhi ya kule, CNTB, ilihangaika na kesi hizo miaka na miaka. Waliobaki huku, zaidi ya 162,000, walipewa uraia wa Tanzania wakaendelea na mahindi na tumbaku yao.

Hela kidogo na chakula cha muda anachopewa anayerudi vinaisha, mtu anabaki na jembe bila pa kulima. Kabla jina halijaingia kwenye listi ya basi aulizwe shamba lake liko wapi, na apigiwe simu kiongozi wa kilima chake (kule eneo dogo la utawala, kama kijiji, huitwa kilima) athibitishe. Wajane ndio waanze kabisa kuulizwa, maana kwa mila za kule mwanamke harithi ardhi.

Msomaji wenu,
Kasulu